Njiro hadi Majengo na mama mkubwa

Mtoto wa kaka yangu anapata kipaimara Jumamosi ijayo, Moshi mjini, na safari hii naenda na gari langu. Nikimwambia mtu kazini kwamba napanga safari ya Moshi ananicheka. Moshi ni pua na mdomo bwana, kilomita kama 80 tu. Watu wanatoka Arusha asubuhi, wanachagua viatu vya mtumba pale soko la Memorial, na mchana wamesharudi kwenye shughuli zao. Safari za kupangwa ni za Songea.

Mimi napanga, kwa sababu naenda na mama mkubwa.

Tungeweza kupanda Coaster. Zipo nyingi, na ukizoea kukaa umekumbatia begi la mwenzako haina shida. Ila mama mkubwa ana goti, ana sufuria mbili kubwa anazowaazima wakwe wa kaka, na ana zawadi ya mtoto ambayo hajasema ni nini, kasema tu isilazwe. Nimejaribu kukisia kitu kisicholazwa chenye ukubwa wa ndoo ya lita ishirini, nimeshindwa. Kitakaa siti ya nyuma na kufungwa mkanda kama abiria mwingine.

Kaka naye kapiga simu kupendekeza treni. Huyu ana ugonjwa wa treni tangu safari za reli ziliporudi kaskazini, na kila tukizungumza lazima anikumbushe kwamba reli ilifika Moshi mwaka 1911 wakati Arusha tuliisubiri hadi 1929. Sawa kaka, tumesikia. Lakini treni haiji kila siku, na askofu hawezi kusubiri.

Basi nikaanza kuhesabu kinyumenyume. Misa ni saa tatu kamili pale Kristu Mfalme. Misa ya kipaimara yenye askofu ukifika saa tatu unasimama nje na wapiga picha, kwa hiyo saa mbili na nusu tuwe tumekaa. Kupata pa kuegesha gari, kumshusha mama mkubwa, kumtafutia choo, kumsubiri asalimiane na kila mtu aliyewahi kumjua tangu ujana wake, hiyo ni nusu saa bila ubishi. Saa mbili tuwe Moshi. Barabarani nikiwa peke yangu naweka saa moja na nusu. Nikiwa na mama mkubwa naweka mbili, maana akiona mtu anauza kitu hawezi kunyamaza. Hapo inakuja saa kumi na mbili asubuhi, na kutoka kwangu Njiro ni kabla ya hapo kidogo.

Mapema zaidi ya hapo sitaki. Alfajiri barabara ile ina bodaboda zisizo na taa, na wakulima wanaotembea kwenye ukingo wa lami na majembe begani. Jua huku linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na nataka liwe linakaribia kutoka nikiwa bado mjini ndipo nianze kukanyaga mafuta.

Kingine ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba asubuhi unaelekea mashariki na jioni unarudi magharibi, kwa hiyo jua linakupiga usoni kwenda na kurudi. Kioo cha mbele chenye vumbi la Agosti, jua likikigonga saa moja asubuhi, huoni kitu. Ijumaa jioni nitakiosha kwa sabuni nje na ndani. Ndani ndiko wengi wanasahau.

Njia ndiyo iliyotuletea mjadala. Mtu wa Njiro mwenye akili anashika baipasi. Ni kilomita 42 na ushei kutoka Ngaramtoni kuzunguka kusini mwa mji, inakuja kutokea Usa River. Ukiingilia upande wetu huoni Kimandolu, huoni Ngulelo, huoni Tengeru. Unapita kwenye mashamba na upepo, barabara nyeupe. Ningekuwa peke yangu ningepita huko na kuimba.

Lakini mama mkubwa anakaa Ngulelo. Kumfuata ina maana ya kuingia mjini na kushika ile barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru. Ni barabara nzuri, sikatai, tuliisubiri sana, ila ina matuta na vivuko vya watembea kwa miguu, na Jumamosi ina Tengeru.

Wasiojua Tengeru niwaambie. Soko ni Jumamosi na Jumatano, na kubwa ni la Jumamosi. Saa moja kasoro asubuhi bado ni pikapu zinashusha matenga, mikokoteni inakatiza, mama mmoja kasimama katikati ya lami na mkungu kichwani anabishana na dereva. Kupita unapita. Shida ni kupita na mama mkubwa bila kusimama, kwa sababu kashanitamkia wazi: "Mwanangu, Tengeru tutanunua maparachichi na ndizi kidogo za kuwapelekea."

Ndizi. Tuwapelekee watu wa Moshi. Mama mkubwa, nikamwambia, hiyo ni kupeleka sato Mwanza. Akanijibu kwamba ndizi za Meru zina ladha yake na watoto wa siku hizi hatujui chakula. Tukaafikiana kwa shida: kwenda hatusimami, kurudi tunasimama na ananunua anachotaka ajaze buti. Kaweka sharti kwamba tufike Tengeru kabla soko halijavunjika. Shikeni hapo, maana ndipo ratiba yote inaponing'inia.

Gari lenyewe ni Toyota IST, si la kutisha, lakini linakwenda. Mafuta nahesabu lita kumi na mbili kwenda na kurudi, nitaweka kumi na tano na kuachana na mawazo. Mwezi huu nimeshatazama bei mpya za mafuta za EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, zinazotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo sina cha kusubiri. Upepo wa matairi ukiwemo wa spea, maji ya rejeta, oili, jeki na spana yake, hivyo naangalia mwenyewe Ijumaa. Fundi ataangalia breki tu, kwa sababu ya Kikafu, nitaifikia. Pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto vipo. Mtungi nimeutoa chini ya siti nikasoma tarehe, kwa sababu trafiki wa barabara ile anaweza kukuomba leseni, akaridhika, akaomba bima, akaridhika, kisha akainama kuutazama mtungi kwa utulivu wa mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Faini ya kosa moja ni 30,000. Kwa hela hiyo bora ninunue kilo tatu za nyama.

Ukishatoka Usa River, vita vyako si na magari mengine tena, ni na tochi, zile za trafiki za kupimia mwendo. Barabara inanyooka, lami inateleza kama inakuita, halafu ghafla kibao cha 50. Maji ya Chai, hamsini. Kikatiti, hamsini. Unatoka kijiji kimoja, unapumua, unafika 80, kibao kingine hiki hapa, na askari yuko kwenye kivuli cha mti ambao jana hukuuona. Dereva anayekuja akikuwashia taa mchana kweupe anakwambia punguza, wapo. Ni ukarimu wa barabarani ambao sijui kama unaruhusiwa, ila naupenda. Mimi nimeamua tu kutii vibao. Nikifika dakika kumi baadaye hakuna atakayenifukuza kanisani.

Nikipita daraja la Maji ya Chai huwa najitazama meno kwenye kioo. Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi, na sisi tuliokulia upande wa Meru mnatujua tukicheka. Mama mkubwa ana yake meupe pee, kwa sababu alizaliwa Machame na kuolewa huku akiwa mtu mzima, na hakosi kulitaja.

Baada ya Kikatiti miti inapungua na unaingia uwanda mkavu wenye vumbi, ng'ombe wa Wamasai na vimbunga vidogo vinavyozunguka peke yake. Hapa punguza hata kama hakuna kibao. Ng'ombe wa kwanza akivuka, wote watavuka, na mchungaji hana haraka. Njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inakuja hapo, karibu nusu ya safari. Wengi huiona kama alama ya kusema "bado kidogo". Mimi naipenda kwa sababu nyingine: Agosti asubuhi Arusha inaamka imefunikwa na wingu zito, Meru mwenyewe humwoni, halafu mara nyingi ukifika uwanda huu wingu limebaki nyuma, na mbele kushoto Kibo, kilele cha Kilimanjaro, amekaa mzima. Mita 5,895 bila kizuizi. Ikifika saa nne hivi mlima unaanza kujifunika, na wanaoondoka Arusha baada ya chai wanafika Moshi wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Kama una mgeni kutoka Dar na unataka auone mlima, mwamshe. Ndilo pekee unalohitaji kufanya.

Bomang'ombe panachangamka, na pana barabara ya kwenda Sanya Juu na nyingine ya vumbi inayoshuka kwenye chemchemi za Chemka. Binamu yangu, abiria wetu wa tatu, kauliza kama tunaweza kupita Chemka kuogelea "mara moja". Na suti ya kipaimara? Hapana. Siku nyingine, na ndala.

Halafu Kwa Sadala, halafu Kikafu. Sehemu hii ndiyo iliyonipeleka kwa fundi. Barabara inashuka na kupinda kuelekea darajani, kisha inapanda upande wa pili, na malori yaliyobeba mzigo yanapanda kwa taabu wakati nyuma yake kuna Noah tatu zenye haraka ya maisha. Mpango wangu pale ni mfupi: nashuka na gia ndogo, sipiti gari lolote hata likiwa trekta, na wanaopiga honi nyuma wapige. Mama mkubwa huwa anashika rozari tangu Kwa Sadala. Simkatazi.

Ukivuka, ghafla dunia ni ya kijani tena, njia ya Machame inapanda kushoto, Weruweru, na kabla hujajipanga umeingia Moshi. Na joto. Arusha iko karibu mita 1,400 juu, Moshi haifiki 1,000, na mwili unajua tofauti hiyo kabla ya kichwa. Tutatoka na masweta, kwa hiyo nimewaambia wote wavae kitu chepesi ndani. Kingine, nimeweka mfuko wa takataka ndani ya gari. Moshi hawana utani na usafi. Tupa ganda la ndizi dirishani uone utakavyofuatwa na kutozwa faini, na nina abiria mmoja anayeamini ganda la ndizi ni mbolea popote linapoangukia.

Hadi hapo kila kitu kinapangika. Kwenda hakujawahi kuwa tatizo, kwa sababu misa ina saa. Sherehe haina. Tukitoka kanisani tunakwenda Majengo nyumbani kwa kaka, na pale kadi inasema chakula saa saba. Saa saba maana yake turubai limefungwa na spika zinajaribiwa. Saa nane MC anafika. Mtori na machalari vitatoka tisa tukibahatika. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ataingia na miwani yake na majani mdomoni, atachezewa, atakatwa, na kulishana kuna foleni yake: wazazi, babu na bibi, msimamizi wa kipaimara, walimu, majirani. Zawadi zinafuata, kundi kwa kundi, kwa muziki. Kitu kisicholazwa kitatoka hapo, na mama mkubwa haondoki kabla hakijashangiliwa.

Mbege, ile pombe ya ndizi, sitagusa, nimeshamwambia kaka aniwekee soda.

Sasa piga hesabu na soko la Tengeru. Ili mama mkubwa apate ndizi zake tunatakiwa tutoke Majengo saa tisa, saa kumi ikizidi sana, maana jioni uwanda wa KIA una jua la usoni, Usa River ina foleni, na wauzaji wa mwisho wanafunga. Saa tisa ndiyo kwanza mtori. Nimempigia kaka aombe upande wetu uitwe mapema kwenye zawadi. Kasema atamwambia MC. Namjua kaka, na ma-MC nawajua.

Mama mkubwa nimempa mambo mawili achague: zawadi yake ishangiliwe au ndizi za Tengeru. Kasema vyote. Kwa hiyo nimejiamulia mwenyewe. Saa kumi kamili nikiwa bado sijawasha gari, hatuondoki usiku, siendeshi gizani na Kikafu mbele yangu, tunalala Majengo na kuondoka Jumapili baada ya chai. Wifi nimeshamwomba magodoro. Kanga na mswaki wa mama mkubwa nitavichukua kwa binti yake na kuvificha chini ya sufuria, kwa sababu akiviona tu atajua nimeshakata tamaa na Tengeru, na tutasimama asubuhi.