Usiku wa Mnyusi

Watu wakipanda treni ya Dar kwenda Moshi wanaulizia Kilimanjaro. Mimi nilipanda 2021 kwa sababu ya Mnyusi.

Ipo hivi: reli ya Tanga na Reli ya Kati zilijengwa na Wajerumani kila moja kivyake, hazikukutana. Kipande cha kuziunganisha, Ruvu hadi Mnyusi kule Korogwe, kilikuja 1963, uhuru ushapatikana. Kisha treni za abiria za kaskazini zikakatika miaka mingi, zikarudi Desemba 2019. Mpenzi wa reli utaachaje kupita?

Tatizo, pale panapitwa usiku. Nilimwomba mhudumu wa behewa aniamshe. Akacheka: “Kaka, Mnyusi una ndugu?” Nikasema sina. Akanitazama kama mgonjwa, lakini aliniamsha. Nikatoa kichwa dirishani: giza, harufu ya majani mabichi, taa moja ya mkononi ikining'inia, na behewa likajipinda taratibu, magurudumu yakilia kwenye kona. Basi, ndiyo hiyo tu. Simu ilikuwa imezima chaji, picha sina.

Asubuhi Kahe nilipata cha kutazama. Hapo ndipo njia ya Taveta na Voi inapochepuka, ile Waingereza waliyoijenga kwenye Vita ya Kwanza. Nilitaka sana kuifuata kwa macho, ila jirani yangu alikuwa ananimenyea yai la kuchemsha, na kukataa ningeonekana sina adabu.