Nilivyobana picha za kikundi chetu kwa Python

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na folda iliyojaa picha za wanachama na fomu za mikopo zilizopigwa skana. Kuituma kulimaliza bando, na laptopu ya mweka hazina ina kumbukumbu (RAM) ya GB 4 tu. Nikapewa kazi ya kuipunguza. Nilitumia Python, lugha ya kuandikia programu, na maktaba yake ya kushughulikia picha iitwayo Pillow, ambayo ni ya bure.

Kwanza nilijaribu wazo ambalo kila mtu hulitoa: "Si uzifunge kwenye zip?" Nilipitisha picha moja ya JPEG, aina ya faili ambayo simu nyingi huhifadhia picha, kwenye zlib, maktaba inayobana kwa mbinu ileile ya zip, ikatoka karibu na uzito uleule. JPEG huwa imeshabanwa. Huigawa picha katika vipande vya pikseli (vile vinukta vya rangi vinavyounda picha) 8 kwa 8, hutupa mabadiliko madogomadogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi, kisha kinachobaki hufupishwa kwa mbinu ya Huffman ya mwaka 1952, inayovipa vinavyojirudia sana alama fupi. Kuibana tena ni kukamua nguo iliyokwisha kukauka juani.

Kwa hiyo ilibidi kupunguza pikseli zenyewe. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa faili la MB 3, lakini ikifunguliwa hukalia MB 36 za kumbukumbu, kwa sababu kila pikseli hutaka baiti tatu. Hapo ndipo laptopu ilipokuwa ikikwama. Kwa kadi ya mwanachama, upana wa pikseli 400 unatosha kabisa. Amri ya `thumbnail` ina akili: kwa JPEG, haifungui picha yote, huiomba itoke ikiwa imeshapungua hadi robo ya upana na urefu wake, ndipo imalizie kupunguza. Zingatia mpangilio lakini. Ukitanguliza `exif_transpose`, ile ya kusimamisha picha zilizolala ubavu, picha iliyolala itafunguliwa nzima kabla ya kugeuzwa na faida yote itapotea. Mimi nilipunguza kwanza, nikageuza baadaye, kisha nikahifadhi kwa `quality`, yaani kiwango cha ubora, ya 80. Zaidi ya 95 faili huvimba, na sura ya mtu haibadiliki.

Fomu zilinipa kazi zaidi. JPEG huacha ukungu kandokando ya herufi, na katika fomu ya mkopo tarakimu moja ikififia ni ugomvi. Nikachagua PNG, aina nyingine ya faili la picha, ambayo haitupi kitu. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508. Ikiwa ya rangi ni zaidi ya MB 26 kabla ya kubanwa. Ikiwa nyeusi na nyeupe tupu, biti moja kwa pikseli, ni kama MB 1.1. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya karatasi ni weupe mtupu, PNG huibana tena sana.

Ila Pillow ukiiagiza `convert` kwenda hali ya "1", yaani nyeusi na nyeupe tupu, bila maelezo zaidi, hunyunyiza vitone vyeusi ili kuigiza kijivu. Maandishi huonekana kama yamemwagiwa mchanga, na faili halibaniki vizuri kwa sababu vitone vimevuruga ule weupe. Niliweka mpaka wangu, katika kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe): kijivu kinachozidi 160 kiwe cheupe, kilichobaki kiwe cheusi. Fomu zenye muhuri wa bluu nilizitenga, nikazipunguza hadi rangi 16 kwa `quantize`, maana muhuri mweusi huwatia watu mashaka.

Kila PNG niliifungua tena na kulinganisha matokeo ya `tobytes`, yaani data ghafi za pikseli zake, na yale ya picha niliyoihifadhi. Yakiwa sawa, programu inaendelea. Yakitofautiana, inasimama na kutaja jina la faili. Kwa JPEG ukaguzi huo hauna maana, kwani pikseli hazirudi kama zilivyokuwa. Ndiyo maana picha asili zote ziko kwenye diski ya nje kwa mweka hazina, na mtu akitaka saizi nyingine tunaanzia huko, si kwenye nakala iliyobanwa.