Tulivyourudisha ukumbi wa kijiji chetu

Funguo za ukumbi wa kijiji chetu, huku Njombe, nilikabidhiwa mwaka 2019. Kufungua mlango, nikapokelewa na harufu ya mbolea. Mifuko ilipangwa hadi usawa wa dirisha. Jengo zima lilikuwa limekodishwa liwe ghala, na kodi yake sikuwahi kuisikia ikisomwa mkutanoni.

Sikuanza na ugomvi. Nilikwenda kwa bibi mmoja, jirani wa ukumbi, nikamwamkia, nikamwomba anieleze ulivyojengwa. Akashika mkongojo wake, tukaingia wote. Akanionyesha misumari miwili yenye kutu ukutani.

"Hapo, mjukuu wangu, ndipo ilipotundikwa redio."

Mwaka 1973, wakati wa Mtu ni Afya, kampeni ya taifa ya elimu ya afya kwa redio, wanakijiji walikusanyika hapo kusikiliza kipindi, kisha wakajadiliana. Mjadala uliishia kwenye kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, naye alikuwemo, mtoto mgongoni. Matofali ya ukumbi waliyachoma wenyewe, maji ya kufinyangia udongo wakiyabeba kichwani kutoka mtoni.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nikamwandikia mtendaji barua, suala la ukumbi liingie kwenye ajenda. Siku ilipofika nikamwomba bibi aseme kabla yangu. Alipoketi, hakuna aliyeitetea ile mifuko. Tukakubaliana mkataba ukiisha usiongezwe, na mapato na matumizi yabandikwe mlangoni. Kwangu mimi karatasi ile ya mlangoni ni kubwa kuliko bati zote tulizonunua baadaye.

Bati zenyewe zilitokana na mahindi, debe moja kila kaya. Mafundi walijitolea.

Sasa Jumanne ni siku ya vikoba. Kila mwezi wauguzi huja kupima watoto, mizani ikining'inia kwenye boriti. Harusi zinalipiwa. Msiba haulipiwi hata senti, na hilo nililipigania, maana mvua za huku haziwaachi waombolezaji wakae nje.

Fundi wa chokaa alitaka kuing'oa misumari ile miwili. Nikamzuia. Ipo palepale, na chini yake tumeandika kwa rangi ya bluu: 1973.