Mstari Haukwepi Kinamasi

Siku tatu za kufika msituni naziruka, zilikuwa za kukaa garini na kuumwa mgongo. Ninayotaka kuisimulia ni asubuhi ya nne, tulipoingia kinamasini kwa makusudi.

Kazi ilikuwa kupita transekti, yaani mstari mnyoofu unaopitwa bila kukwepa chochote ili kukadiria wanyama wa msitu mzima. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, maana yake kukata toka upande huu hadi ule. Mimi nilidhani ni jina la kitaalamu la njia tu. Mshika dira akaelekeza digrii 90, mashariki kamili, tukaanza kilomita yetu moja tukihesabu marundo ya kinyesi cha paa ndani ya mita 2 kila upande. Kwenye mita 340 tukakuta maji meusi na matete yaliyosongamana. Hatua chache pembeni palikuwa na ujia mkavu wa wanyama. Nikaufuata. Vinyesi vilikuwa tele, vyeusi, vinang'aa kama shanga. Nikaandika marundo 6, moyo umejaa furaha.

Mzee aliyetuongoza akaniita.

"Rudi, mwanangu. Hayo 6 yafute."

"Lakini yapo, mzee, nimeyaona!"

"Yapo, ila umeyafuata. Paa naye hupenda pakavu. Ukihesabu anapopenda tu, kisha ukazidishia msitu mzima, utaandika paa wasiokuwepo."

Akanipigia hesabu palepale. Ukanda wa mita 4 kwa kilomita moja ni hekta 0.4, kwa hiyo marundo yangu 6 yangeongeza 15 kwa kila hekta, hata hekta za majini.

Nikafuta. Tukaingia maji ya mapajani, daftari kichwani, buti zimejaa tope zito, matete yanatukata mikono. Mita 45 zile zilitula saa nzima, na hatukuona hata rundo moja. Nikataka kuiacha safu wazi. Mzee akasimama pembeni yangu mpaka nilipoandika 0, maana safu tupu ingesema hatukupita hapo.

Usiku, nikikausha soksi, nikawaza nyumbani. Miaka yote natoka kwa mlango uleule, napita njia ileile, na ndege wote ninaowajua ni wa njia hiyo. Nyuma ya nyumba kuna kichaka ambacho sijawahi kukiingia. Nikamwomba mshika dira anifundishe kuisoma.