Kiboksi kwenye mlango wa friji

Leo sijafungua duka mapema, mvua imepiga toka alfajiri huku Mwanga na njia ya kushukia sokoni ni tope tupu, nani aje kununua kitenge saa mbili asubuhi kwenye tope lile. Nikakaa na chai yangu, nikafungua grupu la familia kwenye wasap, na hapo ndo siku ikaharibika.

Kaka mkubwa katupia klipu, mtu anaelezea jinsi majimbo ya Marekani yanavyopitisha sheria za kuzuia watoto wasipewe dawa za kusimamisha balehe, na chini yake kaandika "Safi sana, hizo sindano ni za shetani, mzazi anayemchoma mwanae afungwe tu." Shangazi kaweka mikono ya dua, wifi kaweka moto. Mimi nikanyanyuka nikafungua friji. Kiboksi cha sindano hizohizo kipo palepale mlangoni, kati ya chupa ya pilipili na insulini ya mama mkwe. Maelezo yake yanasema joto lisizidi digrii 25 na Kigoma mnaijua wenyewe, sasa kikae wapi kingine.

Hili sijawahi kuliandika hapa. Binti yangu alianza kuota matiti ana miaka sita na nusu. Mwanzo nilidhani ni uvimbe, nikamkanda maji ya moto, kumbe mwenzangu kashaanza safari ya balehe na hajaniaga. Jirani akasema ni hawa kuku wa kisasa. Mama mkwe yeye alinivuta chumbani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamchezea mtoto, nililia siku ile mpaka kichwa kikauma, maana swali lenyewe nilikuwa nalo moyoni wiki nzima nikiogopa kulitamka. Hakuna mtu aliyemgusa. Mwili wake tu uliamua kuanza. Urefu nao ukawa unakimbia, sare nashona upya kila muhula, watu njiani wananipa hongera mtoto anakua vizuri, nami nasema asante huku roho inanidunda.

Tukafunga safari, basi mpaka Dodoma alafu treni ya umeme mpaka Dar, kwa dokta wa watoto wa mambo ya homoni. Akampiga picha ya mkono wa kushoto. Nikamuuliza mkono wa nini dokta, tatizo liko kifuani! Akacheka, akanionyesha kwenye ile picha kwamba mifupa ya mwanangu imeshafika ya mtoto wa miaka 10. Msichana akianza kabla ya miaka 8 na mvulana kabla ya 9 wanahesabu ni mapema mno, na ukiacha iende hivohivo mtoto anarefuka haraka alafu mifupa inafunga mapema, anabaki mfupi, na hedhi inamkuta darasa la pili. Wakampiga na picha ya kichwa kuangalia kama kuna uvimbe kwenye ubongo, kwa wasichana wengi hawakuti kitu na kwetu hawakukuta, alhamdulilahi.

Kilichonikaa ni dokta alipoacha kuongea na mimi akamgeukia mtoto, akamuuliza na wewe unaonaje. Akasema, "Sitaki kumpita dada." Dada yake alikuwa na miaka 11.

Basi tukaanza sindano, moja kila baada ya miezi mitatu. Inaitwa leuprorelini, na dawa hiyohiyo wanapewa wazee wenye saratani ya tezi dume, kwa hiyo mara ya kwanza nilipoiulizia famasi kijana akaniangalia kwa huruma akasema pole mama, mzee anaendeleaje? Nikasema anaendelea vizuri. Mpaka leo kila nikipita ananiuliza na mzee wangu huyo anazidi kupata nafuu. Nyumbani nilisema ni vitamini ya mifupa. Anayejua ni mume wangu na nesi anayemchoma, basi.

Sasa turudi kwa kaka. Nimekaa kusoma hizo sheria asubuhi nzima badala ya kufungua duka. Arkansas ndo walikuwa wa kwanza, 2021, na gavana wao wa wakati huo Asa Hutchinson, ambaye ni wa chama cha Republican kama walio wengi kwenye bunge lile, aliikataa akisema serikali inavuka mpaka, bunge likapiga kura kulipindua katazo lake na sheria ikapita. Tennessee wakapitisha ya kwao 2023, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 18 Juni 2025 majaji sita kwa watatu wakasema ibaki. Lakini soma ndani sasa. Ile ya Tennessee haikatazi dawa, inakataza sababu. Daktari akimpa mtoto ili aishi kwa jinsia tofauti na aliyozaliwa nayo, ni kosa. Akimpa mtoto kama wangu aliyebalehe mapema, ruksa. Kiboksi ni hikihiki.

Kwa hiyo kaka hata huko kwenyewe nisingefungwa. Nilishusha pumzi, kweli nilishusha. Alafu nikaona aibu, maana nilichofurahia ni kwamba mimi nimo kwenye ile sentensi ya ruksa, na kuna mama mwingine huko, mwanae ana umri wa dada mtu, sentensi yake ni ile ya kosa.

Sisemi madaktari wote wako upande mmoja. Uingereza dokta Hilary Cass aliandika ripoti 2024 akisema ushahidi wa hizi dawa kwa watoto wanaotaka kuishi kwa jinsia nyingine ni dhaifu, Desemba mwaka huohuo serikali ikazizuia bila kuweka mwisho, wakaacha za watoto kama wangu. Sweden na Finland walishaanza kubana kabla. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani chenyewe kinapinga marufuku. Na hoja ya kina Cass siioni ya kijinga, mwanangu atafika umri wake sindano zitaachwa na mwili utaendelea ulipoishia, wale wengine wengi wanaunganisha na homoni nyingine, hapo kuna maswali ya mifupa na uzazi ambayo hata mimi ningetaka majibu. Ila maswali hayo ningetaka kumuuliza aliyeshika picha ya mkono. Mbunge hajauona mkono wa mtu.

Na kuna kitu kimenikera zaidi. Sheria nyingi kati ya hizo zinaacha mlango kwa mtoto aliyezaliwa huntha, yaani maumbile yake si ya kike wala ya kiume moja kwa moja, kwamba huyo mnaweza kumpasua akiwa kichanga ili afanane na upande mmoja. Yaani anayeweza kuongea anaambiwa subiri ufike 18, asiyejua hata kuita mama anakatwa. Kenya sheria yao ya watoto ya 2022 imekwenda kinyume, huntha hagusiwi viungo vyake bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Hapo sikuona emoji ya moto ya mtu yeyote.

Nimeandika jibu kwa kaka mara tatu nikafuta mara tatu. La kwanza lilikuwa la matusi. La pili refu kama hili. La tatu nilipiga picha ya kiboksi kabisa, kidole kiko kwenye kutuma, mama mkwe akaingia jikoni.

Akafungua friji kuchukua insulini yake. Akasogeza kiboksi pembeni, taratibu, kama mtu anayesogeza yai.

"Vitamini ya mtoto ni Alhamisi," akasema. "Mara ile ulipitiliza siku mbili."

Nikabaki mdomo wazi. Simu yangu ikalia, kaka kaongeza klipu nyingine. Nikamuuliza mama, hivi huyu nimjibu nini? Akaangalia kioo cha simu kwa mbali vile wanavyoangalia wasio na miwani, akasema nimchome kwanza yeye insulini yake, uji unapoa.