Mikono mikavu, bila glavu

Leo kazini, hapa Unguja, tumeanza mafunzo ya kupiga picha miswada yetu ya zamani, ile ya herufi za Kiarabu.

Kamera haikutusumbua. Kadi ya kulinganishia rangi pembeni ya ukurasa, faili kuu la TIFF (picha yenye ubora kamili) lihifadhiwe bila kuguswa, msomaji apewe nakala nyepesi.

Kazi ni kufunua ukurasa.

Kuna wino wa zamani unaokula karatasi, ikawa rahisi kuchanika. Na ukivaa glavu, vidole havihisi kitu.

Bi mkubwa mmoja wa ukarabati wa miswada, anayekaribia kustaafu, akanishika kiganja: "Taratibu mwanangu, usiivute. Isubiri."

Nikahisi karatasi inainuka yenyewe. Mwili ulinisisimka!

Natamani tumrekodi na yeye, mikono yake, kabla hajaondoka.

Wenzangu wa maktaba na nyaraka, kwenu nani anawafundisha vijana? Niambieni.