Nilivyowafundisha watoto wa mtaani kwetu uchumi kwa fungu la dagaa

Watoto wanaokuja barazani kwangu Mbagala kila Jumamosi ni wa darasa la sita mpaka kidato cha pili. Mimi ni mhasibu, sijasomea ualimu. Kilichonisukuma kuanza ni maneno niliyokuwa nayasikia kila kitu kinapopanda bei: "Wafanyabiashara wana roho mbaya." Watoto wanayasema vilevile walivyoyasikia kwa wakubwa, na mtoto akishayaamini haoni tena haja ya kuuliza chochote. Nilitaka waulize.

Vitabu vingi huanza na uhitaji na ugavi, yaani kiasi ambacho watu wanataka kununua na kiasi kinachofika sokoni. Mimi nilianza na gharama mbadala, kwa sababu mtoto anaiishi kila siku. Niliwauliza: "Kuja hapa leo kumewagharimu nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Hakuna, anti, hata nauli hatujatoa." Nikawaacha wafikiri. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akasema, "Mimi Jumamosi asubuhi huwa namsaidia mama kuuza maandazi. Leo yuko peke yake." Basi, wengine nao wakaanza kutaja walichokiacha: chandimu, kufua, kulala. Nikawaeleza kwamba gharama ya kuja ni kile kimoja ambacho mtu angekichagua kama asingekuja, wala si orodha nzima, maana huwezi kulala na kucheza mpira kwa wakati mmoja. Wiki iliyofuata tulisogeza kipindi hadi alasiri, maandazi yakiwa yameshaisha.

Ugavi niliufundisha kwa dagaa mchele. Wavuvi wa pwani yetu huwavua usiku kwa taa: mwanga unawakusanya dagaa, kisha nyavu zinawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote ina mwanga, dagaa hawaifuati taa, na boti nyingi hupumzika. Ndiyo maana Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, watu huhesabu siku za giza na siku za mbalamwezi, na bei inakwenda nazo. Hapo mtoto hahitaji mchoro wa mistari miwili inayokatana. Anatoka nje usiku, anatazama juu.

Kila mmoja akawa na daftari: tarehe, mwezi ulivyo, bei ya ndoo Feri kama alivyotuambia mama anayetuuzia dagaa hapa mtaani, na bei ya fungu kwake. Sharti lilikuwa moja, kuandika utabiri kabla ya kwenda kuuliza. Mtoto asiyetabiri huipokea bei yoyote na kuiona ya kawaida. Aliyetabiri akakosea hatulii mpaka ajue kwa nini.

Mbalamwezi ilipofika, kijana wa darasa la sita alirudi amenuna. Utabiri wake ulisema fungu litapanda, lakini fungu lilikuwa elfu moja kama siku za giza. Nikampa hela akanunue, tukaliweka kwenye mizani ya jikoni. Lilikuwa limepungua karibu nusu. Yule mama anajua wateja wake wanakuja na elfu moja mkononi, kwa hiyo anachobadilisha ni fungu. Tangu siku hiyo wanahesabu nyanya za fungu na kupima andazi kwa kiganja. Bila mtu kuwafundisha, wameshajua kwamba bei inaweza kupanda na namba ikabaki palepale.

Wazazi waliporuhusu, tulikwenda Feri alfajiri kuona mnada. Tenga la kwanza la vibua liligombewa, mikono juu, dalali anapandisha. Boti nyingine zilipoingia, tenga kama lile likauzwa kwa bei ya chini, na dalali alikuwa yuleyule, roho yake ileile. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kilichobaki ni tofauti kati ya bei ya Feri na bei ya Mbagala. Watoto walipogawanya ndoo kwa mafungu, waliona mama anavuna mno. Nikamwomba aje atueleze, naye kwa hisani yake akakaa nasi. Akataja moja moja: ndoo yenyewe, ushuru, barafu, usafiri, mifuko, na dagaa wanaoharibika jua likiwa kali. Watoto waliandika na kutoa, faida ikazidi kusinyaa. Ndipo yule binti wa maandazi akauliza, "Samahani mama, na muda wako je? Usingeuza dagaa ungefanya nini?" Mama akafikiri kidogo. "Ningepika kwa mama lishe mmoja pale stendi, mwanangu. Aliniita, analipa kwa siku." Tukaandika na hiyo. Siku mbaya za mbalamwezi, ukitoa ujira ule, mama anabaki na hasara. Sijawahi kuona darasa likitulia kama siku ile, wala sijawasikia tena wakimwita mwizi.

Sikutaka pia waamini kwamba soko halikosei kamwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi na kutoa vibali vya kuagiza sukari nje. Wengi wao wanakumbuka kutumwa dukani wakarudi mikono mitupu. Tulibishana mpaka magharibi. Mmoja akasema bei elekezi iliwalinda maskini. Mwingine akauliza inamlinda vipi mtu ambaye hata hiyo sukari haipati. Msimamo wangu niliwaambia: bei elekezi ikiwa chini ya ile muuzaji anayonunulia, bidhaa hutoweka kwenye rafu, na dawa ya uhaba ni kuongeza mzigo. Anayeficha mifuko stoo anakosea, lakini kuficha kunamlipa kwa sababu mzigo ni mdogo. Siyo wote walikubaliana nami, na niliwaacha hivyo.

Mfumuko wa bei tuliumaliza haraka kwa visoda. Niligawa visoda kama hela, nikapiga mnada kalamu chache. Mzunguko wa pili niliongeza visoda mara mbili, kalamu zikabaki zilezile, bei zikapaa. Aliyekuwa ameuliza kwa nini serikali isichapishe noti nyingi akajijibu mwenyewe. Niliwaeleza kwamba Benki Kuu hulenga mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, na kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa takwimu zake kila mwezi kwa kufuatilia kapu zima la bidhaa na huduma, kodi ya nyumba na nauli zikiwamo. Madaftari yao ya dagaa hayapimi hilo. Dagaa wakipanda kwa sababu ya mwezi watashuka giza likirudi, ila mfumuko ni bei kwa jumla kuendelea kupanda.

Ukitaka kuanza mtaani kwako, chagua bidhaa moja ambayo bei yake inayumba kwa sababu ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho yake. Walio mbali na bahari watumie nyanya, maana masika mvua huziozesha shambani na kuharibu njia za malori. Bidhaa ambayo bei yake hutulia miezi na miezi itamchosha mtoto kabla hajaona lolote. Mpe daftari lake mwenyewe, asitumie la pamoja, na utabiri auandike kwa wino.